Nyumba Iliyomkataza Bibi Kusema

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu kabla sijamaliza kusalimia nilikuwa nimeshakabidhiwa ndala. Si jozi moja. Za kijani zilikuwa za sebuleni, za bluu za uani, na nyeupe za chooni. Baba mdogo Gervas alizipanga mbele yangu mlangoni kama fundi anayepanga vifaa vyake, akaniambia, "Skola, usizichanganye. Hapa siyo Kibondo."

Nilikuwa nimeshuka kwenye lori la maharage, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope. Nilikuwa nimefaulu kwenda sekondari, na shule niliyopangiwa ilikuwa Kasulu mjini, haina bweni. Baba mdogo alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali hapo mjini, na ndiye ndugu pekee tuliyekuwa naye Kasulu. Kwa hiyo nililetwa kwake, na mfuko wa nguo na dumu la mawese la kumpa mkewe. Nilizivaa zile ndala. Ningevaa hata sufuria kichwani kama ndiyo ingekuwa bei ya kusoma.

Nyumba ile ilikuwa na mambo yake. Viti vya sebuleni vilifunikwa vitambaa vyeupe, na ruhusa ya kuvikalia ilitoka Jumapili tu. Siku nyingine tulikaa kwenye mkeka, tukivitazama. Redio ilikuwa na kitambaa chake, na mkono uliogusa kitufe chake ulikuwa mmoja tu, wa baba mdogo. Ugali ulikatwa kwa kisu, ukaliwa kwa uma. Ugali wa muhogo, mwanangu, kwa uma! Unavutika, unang'ang'ania, unaudondosha kwenye mchuzi, mchuzi unakurukia usoni. Na wakati wa kula mlango ulifungwa kwa komeo, pazia likashushwa, na hakuna aliyezungumza mpaka sahani ziondolewe. Jirani akibisha tulitulia kimya na uma mikononi kama wezi waliosikia mbwa, mpaka achoke aende zake.

Nilishangaa, nilicheka peke yangu uani, nikazoea. Kila nyumba ina vituko vyake, na mgeni hana haja ya kuvitolea hukumu. Ndala hazimuumizi mtu. Uma nao niliushinda baada ya muda. Mambo hayo hata leo nikiyasimulia nayasimulia kwa kicheko.

Ila kulikuwa na desturi moja ambayo sijawahi kuicheka, na leo hii na mvi zangu hizi bado ikinijia kichwani napandwa na hasira kama vile ilikuwa jana. Ndani ya nyumba ile Kiha kilikuwa marufuku.

Niliijua siku ileile niliyofika. Nilipomwona baba mdogo nilimsalimia kama tulivyosalimiana miaka yote alipokuja likizo kijijini. Nilipiga magoti, nikapiga makofi taratibu, nikamwambia "Mwakeye," nikawa tayari kumuuliza habari za nyumba, na za watoto, na za mifugo, na za safari, kama ilivyo kwetu. Watu wa mikoa mingine hututania kwamba Mha akianza kusalimiana jua linazama. Waache watanie. Baba mdogo alinikatiza mkono wake ukiwa juu. "Shikamoo inatosha," alisema. "Humu ndani ni Kiswahili. Atakayesema lugha nyingine atasimama pale mlangoni wakati wenzake wanakula."

Nilidhani ni kwa sababu ya mkewe. Mama mdogo, tuliyekuwa tukimwita Mama Esta, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyeletwa Kasulu kutoka Tanga. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Nikajisemea, huyu ndiye asiyetaka kusikia maneno asiyoyaelewa ndani mwake. Nikamwekea kinyongo kimyakimya, na nikanyamaza. Watoto wao wawili, Esta na mdogo wake, walikuwa hawajui hata neno moja la bibi yao.

Mvua zilipokata, bibi yetu akaja.

Bibi huyo ndiye mama yake baba mdogo na baba yangu. Alikuwa amejikata na jembe mguuni, kidonda kikakataa kupona, na watu wa kijijini wakaona apelekwe Kasulu akatibiwe akiwa kwa mwanawe. Alikuwa mwembamba, mwepesi, mwanamke wa maneno kama mto. Shambani alizungumza na mbuzi, akazungumza na moto ukikataa kuwaka, akamsemesha kila apitaye njiani hata kama ni mtu anayekimbilia basi. Alitulea kwa maneno, sisi wajukuu. Lakini maneno yake yote yalikuwa ya Kiha. Kiswahili chake kilikuwa na "ndiyo" na "asante," basi.

Alishuka garini, akaingia uani akichechemea kwa fimbo, na kabla hajakaa akafungua mikono yake amsalimie mwanawe. Alimshika viwiko, akaanza kwa Kiha. Umekeshaje? Watoto wamekeshaje? Baba mdogo akamwambia kwa Kiswahili safi kabisa, "Karibu, mama. Habari za safari?"

Bibi akamtazama. Akafikiri hakusikia. Akarudia.

"Kaa, mama, upumzike," alisema baba mdogo, na akaingia ndani.

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimshika mikono nikamsalimia salamu yote, mwanzo mpaka mwisho, pale uani, kwa Kiha, na uso wake ukafunguka. Jioni ile nilisimama mlangoni. Wenzangu wanakula, mimi nimesimama mgongo umeegemea komeo, na bibi ameketi mezani na uma mkononi, hajui aanze nao wapi. Alinionyesha kwa kidole, akamuuliza mwanawe jambo. Baba mdogo akaendelea kula. Ni Esta, mtoto mdogo asiye na ubaya wowote, aliyeonyesha mdomo wake kisha akanionyesha mimi, akatikisa kichwa kumwambia bibi kwamba nimesema. Nikaona bibi ameelewa. Ameelewa kwamba mjukuu wake amenyimwa chakula kwa sababu amemjibu yeye.

Baada ya kula baba mdogo aliniita. "Nakusaidia," alisema. "Ukirudia, lori la kurudi Kibondo lipo, na shule utaiacha hapo hapo. Sitanii."

Tangu siku hiyo, bibi alinyamaza. Nikimkaribia uani na kumnong'oneza, aliweka kidole mdomoni, akaangalia dirishani, akanisukuma kwa mkono niende. Mto ule wote ukakauka. Alikaa kwenye kigoda karibu na pipa la maji, amevaa zile ndala za bluu, akitazama barabara. Akiulizwa jambo alisema ndiyo. Unataka chai, mama? Ndiyo. Umelala vizuri? Ndiyo. Mezani alichokonoa ugali kwa ule uma, ukadondoka, akauchokonoa tena, akaona macho ya watu, akauweka chini. Mama mdogo alipomuuliza, "Umeshiba, mama?" alisema, "Ndiyo. Asante." Sahani ikaondolewa imejaa.

Hospitali alipelekwa na mwanawe. Sikuwepo, ila nilijua yaliyopita kwa yaliyofuata. Alirudi na kidonda kimefungwa vizuri na pakiti ya vidonge vikubwa. Baba mdogo akamsimamia pale sebuleni akamweleza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto: asubuhi na jioni, na asimeze bila kula, awe ameshiba kabisa, maana vidonge hivi ni vikali. "Umeelewa, mama?"

"Ndiyo."

Mwanangu, nikueleze nini? Mtu yule aliyanyonya maziwa ya mama yule. Alijifunza kuita maji kwa mdomo wa mama yule. Na anasimama mbele yake akiwa na maneno yote anayohitaji kumsaidia, yamekaa hapo chini ya ulimi wake, anayazuia.

Ilikuwa Jumamosi, jua liko utosini. Mimi nafua uani, mama mdogo anachambua mchele kwenye ungo, baba mdogo yuko kivulini ananyoosha waya wa redio. Bibi akainuka kwenye kigoda, nadhani alikuwa anakwenda kutapika nyuma ya choo asionekane. Hakufika. Fimbo iliteleza, akaanguka kifudifudi pembeni ya pipa, na pale chini akatapika maji matupu. Hakukuwa na chakula ndani ya matapishi yale. Hata punje.

Tulikimbia wote. Majirani wakachungulia juu ya ua wa matete. Mama mdogo akamgeuza, akamlaza kichwa kwenye paja lake. Baba mdogo akapiga magoti, akamwinamia mama yake, akamuuliza kwa Kiswahili.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Ndiyo," alisema bibi.

"Kichwa? Tumbo?"

"Ndiyo."

"Kichwa au tumbo, mama?" Safari hii alipaza sauti, kana kwamba ugonjwa ulikuwa wa masikio.

"Ndiyo. Asante."

Mama yake amelala chini, macho yamegeuka meupe, watu wanatazama, na bado! Bado aliogopa zaidi aibu ya majirani kumsikia akisema Kiha kuliko aibu ya mama kumfia mikononi. Nilisikia kitu kimepasuka ndani yangu. Niliitupa nguo niliyokuwa nafua, nikamsogeza baba mdogo kwa bega. Ndiyo, nilimsogeza, mtu mzima, ndugu ya baba yangu. Nikamshika bibi uso nikamsemesha kwa Kiha, kwa sauti, ua mzima wasikie. Nikamuuliza anaumwa nini.

Alinijibu palepale. Alisema tumbo linawaka moto tangu aanze vile vidonge. Alisema kichwa kinazunguka kwa sababu ya njaa. Tangu aingie nyumba ile hakuwa ameshiba hata mara moja. Ule mwiko wa meno, yaani uma, ulimshinda na hakujua amwambie nani. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia mimi, bibi? Akasema, "Wewe ulikosa chakula kwa ajili yangu. Nilisema nisipofungua mdomo, wewe utasoma."

Nikawageukia nikawatafsiria neno kwa neno. Sikuacha kitu.

Baba mdogo alisimama, akajipangusa magoti. Unajua alisema nini? Alisema, "Skola, funga nguo zako. Leo hii hii."

Ndipo mama mdogo akainua kichwa. Bado alikuwa amempakata bibi. "Hafungi," alisema.

"Nimesema humu ndani..."

"Gervas, umesema humu ndani kwa ajili ya nani?" Sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. "Maana mimi watu wa mtaa mzima wananiona ndiye niliyewakataza. Mimi! Nimekaa mji huu miaka yote hii nasubiri mtu anifundishe hata kusalimia, mkinyamaza kila ninapoingia nikadhani mnanikatalia lugha yenu. Kwetu Muheza nikikaa na mama yangu tunazungumza Kibondei mpaka chakula kinaungua jikoni. Nani amekwambia nataka nyumba ya mabubu?"

"Hujui tulivyochekwa!" Baba mdogo alipiga kelele, na sauti yake ilipasuka kama ya kijana. "Hujui, Mama Esta. Chuoni nikifungua mdomo tu, darasa zima linacheka. 'Huyo Mha huyo, huyo wa kukata mkonge.' Niliapa wanangu hawatachekwa."

"Kwa hiyo mama yako afe na njaa ili wanao wasichekwe," alisema mama mdogo. Hakupaza sauti. "Leta uji. Na huyu mtoto akitoka hapa, natoka naye."

Uji uliletwa. Aliuleta Esta, maana baba yake alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. Bibi aliunywa kwa kikombe, na siku iliyofuata alikula ugali kwa mkono wake, kwenye mkeka uani, mlango wa nje wazi. Mama mdogo alikaa naye, mimi katikati nikitafsiri. Alitaka kujua maneno yote: maji, kuni, mkwe, kidonda, asante. Aliyatamka vibaya na bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Kidonda kilipona. Vidonge havikuwa na ubaya wowote, vilitaka chakula tu, na mtu wa kusema hivyo kwa maneno yanayosikika.

Bibi alipopata nguvu alirudi Kibondo. Mama mdogo alimsindikiza mpaka kijijini, akakaa naye wiki nzima, na watu wa kule wanasema alipoondoka alisalimia njia nzima kwa makofi. Mimi nilibaki, nikasoma, nikamaliza. Baba mdogo hakunifukuza, ila hakunisemesha tena zaidi ya lazima, na tulipozungumza Kiha uani alifungua redio kwa sauti. Hakuomba radhi, si kwangu wala kwa mama yake.

Unaweza kudhani hasira yangu iliishia hapo. Hapana. Ilikuja kukomaa miaka mingi baadaye, siku tulipomzika bibi.

Kijiji kizima kilikuja, na wengine walitoka Kakonko na Mabamba. Baba mdogo, kwa kuwa ndiye mwanawe aliyebaki, alisimama kuzungumza kwa niaba ya familia. Akafungua mdomo, na kikatoka Kiha. Si Kiha cha kuokoteza. Kilikuwa Kiha cha ndani, cha wazee, na maneno ambayo hata mimi nilikuwa nimeyasahau. Alimsifu mama yake kwa majina ya mashamba yake. Alieleza alivyolima, alivyoimba akilima, alivyoita watoto wake jioni. Watu walilia. Wanaume wazima walilia wakishika vichwa. Wazee walisema hawajasikia maneno mazuri kama yale kaburini.

Mimi sikulia. Nilisimama pale na jicho kavu, nimekunja ngumi ndani ya kanga. Kumbe alikuwa nayo yote! Hakuwa amesahau hata moja. Alikuwa nayo siku ile mama yake alipomshika viwiko akimsalimia. Alikuwa nayo mezani, alikuwa nayo sebuleni, alikuwa nayo pale kando ya pipa. Na amekuja kuyatoa leo, mbele ya watu, kwa mtu ambaye hana tena masikio ya kuyasikia. Mama mdogo alikuwa kando yangu. Alinishika mkono, akaninong'oneza kwa Kiha chake cha Kitanga, "Amechelewa." Neno moja tu.

Nayasema haya leo kwa sababu juzi mjukuu wangu mmoja amerudi kutoka kukaa kwa ndugu zetu mjini, kanionyesha video kwenye simu. Bibi wa nyumba ile, mwanamke wa umri wangu, anajaribu kutamka jina la kipindi cha televisheni. Watoto wanamrudisha aseme tena, aseme tena, wanaanguka chini kwa kicheko. Naye anacheka nao. Mjukuu wangu alidhani nami nitacheka. Nilimwambia azime. Nilimwambia amtazame yule mama machoni, asimtazame mdomo. Anacheka kwa kuwa hana pa kwenda.

Mwanangu, utakwenda kukaa kwa watu. Kwa shangazi, kwa mjomba, kwa binamu aliyepata kazi. Utakuta mambo usiyoyazoea. Wanaoga mara tatu, wanakula saa nne usiku, wanafungia sukari kabatini, wanavaa ndala za rangi. Fuata. Usiwapelekee habari zao nje, usilinganishe na kwenu, usinune. Nyumba ni yao na wewe wamekupa kitanda. Lakini ukikuta desturi inayomfanya mtu awe mdogo ndani ya nyumba yake, awe mzee, awe mke, awe binti wa kazi, awe mlemavu, hiyo usiifuate, wala usiiite utaratibu wa nyumba. Ni dharau iliyopewa heshima ya utaratibu. Iseme. Iseme kwa adabu, mchana, mbele ya mwenye nyumba, siyo kwa majirani. Na ukitishiwa kufukuzwa, funga nguo zako ukiwa umeshasema. Kuna watu ndani ya nyumba ile ile wanaosubiri mtu mmoja tu afungue mdomo.

Na siku utakapokuwa na nyumba yako, kabla hujaweka amri yoyote, jiulize itamfikaje yule asiye na sauti. Kama una maneno mazuri ya kumwambia mama yako, mwambie akiwa anakula. Mpigie simu leo. Mwambie kwa lugha aliyokulelea nayo, na kama umeisahau, mwombe akufundishe upya. Hatakucheka, na akikucheka ni kwa furaha.

Nenda basi. Mungu akupe wenyeji wenye roho nyeupe, na akupe wewe moyo wa kushukuru hata kwa kidogo. Akulinde na aibu ya asili yako. Akujalie ulimi laini kwa wakubwa na mgumu mbele ya uonevu, na watoto wako waje kukusikiliza mpaka umalize. Uende salama, urudi salama, na utakaporudi tukujue kwa salamu yako.